Norwei au Aisilandi? Uliza kwanza nani atashika usukani

Wifi yangu anayeishi Muscat amenipigia simu mara tatu mwezi huu kwa jambo moja tu. Joto la Julai huko halikaliki, watoto wanakuwa likizo, na mwaka huu wamekubaliana kwamba hawaendi Salalah wala hawarudi Tanga: wanataka kaskazini kabisa ya Ulaya, kwenye baridi. Ameona picha za Norwei, ameona za Aisilandi, na kila akilala anaamka na uamuzi mwingine. "Wifi, wewe umefika kote kuwili. Niambie basi, ipi nzuri?"

Zote nzuri, ila jibu hilo halimsaidii mtu kukata tiketi. Mimi nakaa Hamburg. Norwei nimekwenda mara mbili, moja kati ya hizo nikiwa na mama yangu. Aisilandi mara mbili, moja nikiwa na watoto. Kila anayeniuliza namrudishia swali: nani atashika usukani? Ukitazama picha utadhani ni nchi moja, milima, maporomoko ya maji, barafu, nyumba za mbao za rangi. Lakini namna ya kuzitembea haifanani hata kidogo, na hapo ndipo likizo inapokuwa raha au inapokuwa kazi.

Aisilandi haina reli. Ndege inatua Keflavík, kilomita 50 hivi kutoka Reykjavik, unapanda basi dakika 45 hadi mjini, na kuanzia hapo kila unachotaka kukiona kiko barabarani. Barabara Namba 1, ambayo wenyewe wanaiita Hringvegur, inaizunguka nchi nzima kwa kilomita 1,322. Yapo mabasi ya watalii yanayotoka Reykjavik asubuhi na kurudi jioni, na kwa ile safari maarufu ya Duara la Dhahabu yanatosha kabisa: unafika Þingvellir, mahali bunge lao lilipoanza kukutana mwaka 930, unasimama mbele ya chemchemi ya Strokkur inayorusha maji ya moto juu kila baada ya dakika tano hadi kumi, unamalizia kwenye maporomoko ya Gullfoss. Siku moja, umerudi hotelini. Ila ukitaka ziwa la Jökulsárlón, lile ambalo vipande vya barafu vikubwa kama nyumba vinaelea juu yake, hizo ni karibu kilomita 370 za kwenda peke yake. Kwa basi la kwenda na kurudi unatoka alfajiri unarudi usiku, na sehemu kubwa ya siku umekaa kitini. Mwenye gari lake analala njiani, Vík au mbele zaidi, asubuhi yake anafika akiwa na nguvu.

Norwei ni kinyume chake. Unaweza kutembea wiki nzima bila kugusa usukani, na sehemu nzuri kuliko zote ukaziona kupitia dirisha la treni na ukingo wa boti. Treni ya Oslo kwenda Bergen inapita hapo tangu 1909. Inachukua karibu saa saba, inapanda mpaka stesheni ya Finse iliyo mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, ambako hata mwezi wa Juni unakuta theluji imekaa pembeni ya reli, kisha inateremka kuelekea bahari ya magharibi. Kuna boti, kuna mabasi yanayosubiriana na treni, na ratiba zote unazipata kwenye programu moja ya simu inayoitwa Entur.

Kwa hiyo kama kundi lenu halina mtu anayependa kuendesha saa nne au tano kwa siku katika hali ya hewa inayobadilika kila nusu saa, nakwambia bila kusita: Norwei. Kama mna madereva wawili wazuri na mnapenda kusimama popote mnapotaka, Aisilandi itawapa furaha ambayo treni haiwezi kuitoa.

Mlango wa gari, Reynisfjara

Upepo naueleza kwa kirefu kwa sababu picha hazionyeshi upepo.

Ilikuwa Septemba. Tulikuwa wanne ndani ya gari dogo la kukodi, tumetoka kuona maporomoko ya Skógafoss, tukasimama Reynisfjara, ufuko wa mchanga mweusi karibu na Vík. Jua lilikuwa linawaka. Kwa mtu wa pwani kama mimi, nguvu ya upepo naipima kwa minazi. Pale hakuna mti hata mmoja, na majani ya chini yamelala siku zote. Binti yangu akafungua mlango wa nyuma kwa mkono mmoja, kama anavyofungua kila siku. Upepo ukaunyakua. Ukasikika mlio wa bati linalokunjwa, na mlango ukapinda mpaka ukagusa ubavu wa gari. Haukufunga tena. Tulirudi Vík polepole, mlango umefungwa kwa kamba ya begi, mtoto amehamia upande wa pili akiwa analia kwa kudhani kosa ni lake.

Kampuni iliyotukodisha ilitutoza zaidi ya nusu ya fedha tuliyolipa kwa wiki nzima. Nilikuwa nimenunua bima ya ziada ya mchanga na majivu, nikaamini nimekinga kila kitu. Mlango uliopindwa na upepo haukuwemo. Ukikodi gari Aisilandi, soma karatasi ya bima na utafute neno "upepo" kabla hujasaini. Ukisimama, geuza pua ya gari ielekee upepo unakotoka, ili upepo uwe unausukuma mlango kufunga. Mlango mmoja kwa wakati mmoja, mikono miwili.

Na pale Reynisfjara penyewe, watoto wasiikaribie bahari. Mawimbi yanakuja madogo madogo, halafu ghafla linakuja moja linalofika mbali mara tatu ya mengine na kuvuta kila kilicho mbele yake. Watu wamekufa pale, watu wazima wenye nguvu zao. Kuna taa za onyo kwenye njia ya kuingilia, ziheshimu.

Mengine ya barabarani yanazoeleka. Nje ya miji mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami na 80 kwenye changarawe. Madaraja mengi ni ya gari moja, na aliyefika kwanza ndiye anayepita. Kondoo wanavuka wanapotaka. Barabara za bara ya ndani zenye herufi F mbele ya namba ni za gari lenye nguvu ya magurudumu manne tu, kwa sheria, na hazifunguliwi mpaka Juni mwishoni au Julai. Kabla ya kuondoka kila asubuhi unafungua vedur.is kwa hali ya hewa na umferdin.is kwa barabara. Wenyeji wanafanya hivyo hivyo. Nchi zote mbili wanaendesha kulia. Kaka yangu amezoea kwa sababu Oman nako ni kulia, lakini anayetoka Dar au Nairobi moja kwa moja ajipe siku ya kwanza ya kuzoea pasipo na magari mengi. Leseni ya kimataifa beba, hata ukiambiwa yako inakubalika.

Norwei nako unaweza kukodi gari, na wengi wanafanya. Barabara ni nzuri ila nyembamba, zinazunguka milima, mwendo wa kawaida ni 80, na mara nyingine inabidi usubiri kivuko. Kilomita 150 huko zinaweza kukula nusu siku. Sioni sababu ya kujitesa hivyo wakati treni ipo.

Mama ndani ya boti

Mama alikuja kunitembelea Hamburg akiwa na umri wa miaka 68 na magoti yanayomsumbua. Nilimpeleka Norwei mwishoni mwa Mei, siku saba, na njia tuliyopita ndiyo hiyo hiyo ninayompa kila mtu anayekwenda mara ya kwanza.

Siku mbili za Oslo. Jengo la Opera, lililofunguliwa 2008, limejengwa hivi kwamba paa lake ni mteremko mweupe unaotoka majini. Unalipanda kwa miguu bure. Bustani ya Vigeland ina sanamu zaidi ya 200 za watu, wazee kwa watoto, na haina kiingilio wala saa ya kufunga. Mama alikaa muda mrefu mbele ya sanamu za vikongwe. Mtaa wa Grønland una maduka ya nyama ya halali na vyakula vya Kiafrika, na msishangae kusikia Kiswahili hapo: Norwei imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Watanzania na Wakenya wapo pia.

Siku ya tatu ni treni. Kutoka Oslo kaa upande wa kushoto. Mnashuka Myrdal, juu mlimani kwenye mita 867, mnapanda treni ndogo ya kijani ya Flåm inayoteremka kilomita 20 kwa karibu saa nzima mpaka ufukweni kabisa. Njiani inasimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen na kila mtu anashuka. Maji yanaporomoka kwa kishindo mpaka husikii anayekusemesha, na rasharasha zinakulowesha uso. Wakati wa kiangazi anatokea mwanamke mwenye gauni jekundu juu ya mwamba, anacheza kwa muziki. Ni pepo wa msituni wa hadithi zao. Mama alinishika mkono akasema, "Hata hawa wana majini yao!"

Flåm lala usiku mmoja au miwili. Wengi wanapita tu saa mbili na kuondoka, na ni kosa, kwa sababu jioni meli za watalii zikishaondoka kijiji kinakuwa kimya kabisa na unasikia maji yakishuka mlimani pande zote. Asubuhi panda boti ya Gudvangen. Hapo ndipo unaelewa fyordi ni nini: ni hori, mkono wa bahari, lakini hori iliyoingia kati ya milima ya mawe inayosimama wima. Fyordi ya Nærøy ina sehemu yenye upana wa mita 250 hivi, na imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2005. Boti inatumia betri, haina mngurumo. Mama alijifunga kanga juu ya koti la baridi, akashika kikombe cha kakao kwa mikono miwili, akakaa nje ubaoni kwa saa mbili zote bila kuingia ndani. Tulipita Undredal, kijiji cha watu wasiofika hata mia moja na mbuzi wengi kuliko watu, ambako wanatengeneza jibini ya kahawia ya maziwa ya mbuzi, tamu kama halua iliyotiwa chumvi. Kanisa lao la mbao linaingiza watu 40 tu.

Kutoka Gudvangen ni basi hadi Voss, treni hadi Bergen. Kuna vifurushi vinavyouza safari hii yote kwa jina moja, ila tiketi zile zile unaweza kuzikata moja moja na ukalala unapotaka. Bergen kunanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Panga siku mbili ili angalau moja ipate jua. Nyumba za mbao za Bryggen bandarini, treni ya kamba ya Fløibanen inayopanda mlimani kwa dakika chache, soko la samaki (tazama tu, bei zake ni za wageni). Ndege ya kurudi kata ya kutokea Bergen, msirudi Oslo bila sababu.

Magoti ya mama hayakulalamika siku yoyote. Njia kama hii Aisilandi haipo.

Pesa

Nchi zote mbili ni ghali na mtu asikudanganye. Euro moja ni kama kroni 11 au 12 za Norwei, na kama kroni 140 hadi 150 za Aisilandi. Sahani ya kawaida ya mgahawani Oslo huanzia kroni 200 hivi, Reykjavik 3,000 kwenda juu. Tofauti kubwa iko kwenye namna gharama inavyogawanyika.

Aisilandi gharama kuu ni gari, mafuta na vyumba, na gari ni lile lile mkiwa wawili au wanne. Watu wazima wanne wakigawana, kila mmoja analipa kidogo kuliko walivyodhani. Mtu mmoja peke yake inamuumiza. Norwei gharama kuu ni tiketi, na tiketi ni kichwa kwa kichwa, hivyo mmoja au wawili wanatembea vizuri. Watoto wa chini ya miaka 6 treni za Vy, kampuni ya reli ya huko, haziwatozi, wakubwa kidogo wana punguzo. Tiketi za mapema ni rahisi sana kuliko za siku ile ile; ukisubiri mpaka ufike stesheni unalipa bei kamili.

Kupunguza gharama, Norwei ina njia nyingi zaidi. Sheria yao ya mwaka 1957 inamruhusu kila mtu, mgeni kwa mwenyeji, kupita na kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, mradi uwe mita 150 kutoka nyumba ya watu na usikae zaidi ya siku mbili bila ruhusa. Kwa wasiotaka hema, viwanja vya kambi vina vibanda vya mbao vyenye vitanda na jiko, na familia inapika yenyewe. Aisilandi gari la kulala lazima lilale kwenye kiwanja cha kambi, si kando ya barabara. Na kusini vyumba ni vichache kuliko wageni. Ukichelewa kuweka nafasi ya Julai unaweza kujikuta unalala kilomita 100 kutoka unakotaka.

Maji ya bomba ya baridi nchi zote mbili ni safi, hakuna haja ya kununua ya chupa. Ya moto ya Reykjavik yananuka kama yai viza, kwa sababu ya salfa inayotoka ardhini. Hayana madhara, yaache yawe ya kuogea.

Saa za jua

Sisi hesabu yetu ya saa imekaa juu ya jua: linachomoza saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili, basi. Huko hesabu hiyo haipo. Mwishoni mwa Juni Reykjavik jua linazama saa sita usiku na kuchomoza kabla ya saa tisa, na katikati hapo giza halishuki. Oslo linazama karibu saa tano kasorobo usiku. Tromsø, juu kabisa ya Norwei, halizami kabisa kuanzia Mei 20 hivi mpaka Julai 22 hivi. Kwa mwenye kuswali, magharibi inayoingia saa sita usiku inahitaji maandalizi; Oslo na Reykjavik kote kuna misikiti, waulizeni ratiba wanayoifuata. Na watoto hawalali. Beba vitambaa vya kufunika macho.

Desemba ni upande wa pili wa jambo hilo hilo. Reykjavik linachomoza saa tano na ushee asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limekwisha. Oslo unapata kama saa sita za mwanga. Kuendesha gari Aisilandi kwa saa nne za mwanga, juu ya barafu, pamoja na upepo ule nilioueleza, mimi simshauri mtu ambaye hajawahi kuendesha kwenye theluji, hata awe dereva hodari kiasi gani. Mara yangu ya pili Aisilandi ilikuwa Februari, siku nne, na sikukodi gari. Nilikaa Reykjavik na kupanda mabasi ya siku, nikaridhika.

Wifi aliniuliza kama Julai watoto wataona ule mwanga wa kijani unaocheza angani. Hapana. Mwanga wa kaskazini unahitaji giza, na giza la kutosha lipo kuanzia Septemba mpaka mwanzoni mwa Aprili. Anayesafiri kwa ajili yake tu, na haendeshi, achague Tromsø. Mji uko moja kwa moja chini ya ukanda ambao mwanga huo hutokea mara nyingi, na mabasi ya usiku yanawakimbiza wageni mbali na mawingu, mara nyingine mpaka karibu na mpaka wa Ufini ambako anga ni kavu zaidi. Anayeendesha achague Aisilandi, mwezi wa Septemba, barabara zikiwa bado wazi na usiku umesharudi. Kote kuwili kaa usiku nne au zaidi, maana mawingu hayana miadi na mtu.

Baridi yenyewe ya Julai si ya kutisha. Oslo inafika nyuzi 20 na zaidi, Bergen pungufu kidogo, Reykjavik 10 hadi 14. Bergen mvua inanyesha wima na mwavuli unafaa; Aisilandi inakuja ubavuni na mwavuli unageuka siku ya kwanza. Koti lisilopitisha maji na suruali yake, hivyo ndivyo vya kununua kabla ya kamera.

Mabwawa ya maji moto

Hapa Aisilandi inashinda, na watoto wangu wanakumbuka hili kuliko maporomoko yote. Karibu kila mji una bwawa la umma lenye maji moto yanayotoka ardhini, nje, mwaka mzima, kwa bei ndogo kabisa ukilinganisha na lile maarufu la Blue Lagoon. Ndani ya maji moto mpaka shingoni huku mvua baridi ikikupiga kichwani, wazee wa mji wamekaa pembeni wanazungumza habari za siku: hapo ndipo nilipoona Aisilandi ya wenyewe.

Ila kuna jambo la kuambiana mapema. Kabla ya kuingia bwawani lazima uoge kwa sabuni, bila nguo, kwenye bafu la pamoja la jinsia yako, na kuna msimamizi anayeangalia. Maji yao hayatiwi dawa nyingi, ndiyo maana wanashikilia usafi. Kwa wengi wetu ni jambo zito. Mabwawa mengi siku hizi yana bafu moja au mawili yenye mlango au pazia. Uliza mapokezi kabla ya kulipa. Binti yangu nilimwambia nyumbani kabla hatujasafiri, na siku ile hakushtuka.

Blue Lagoon yenyewe iko karibu na Grindavík, mji uliohamishwa watu wake Novemba 2023 kwa sababu ya volkano. Tangu Desemba mwaka huo ardhi ya hapo imepasuka mara kadhaa, na bwawa limekuwa likifungwa na kufunguliwa. Usiijengee safari nzima juu yake.

Viza na njia ya kufika

Hapa hakuna mshindi, kwa sababu nchi zote mbili ziko Schengen tangu 2001 na viza ni moja. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, wa chini ya hapo hawalipi. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, na isiwe chini ya siku 15; mimi nasema miezi mitatu, maana miadi ndiyo inayochelewesha. Ombi linakwenda kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Aisilandi haina ubalozi katika nchi nyingi, na ombi lake hupokelewa na ubalozi wa nchi nyingine kwa niaba yake, kwa hiyo thibitisha ni upi kabla ya kujaza fomu. Mwenye kibali cha kukaa Ujerumani, Ubelgiji au nchi nyingine ya Schengen anabeba pasipoti na kadi yake, haombi kitu. Mwenye kibali cha Uingereza au cha Ghuba bado anaomba.

Kutoka Afrika Mashariki au Ghuba, Oslo ni karibu zaidi: unabadilisha ndege mara moja, Istanbul au Doha, umefika. Keflavík mara nyingi inataka ubadilishe mara mbili. Ndugu zetu wa Marekani na Kanada mambo yao ni tofauti. Icelandair inaruka moja kwa moja kutoka miji kama Boston na Toronto, na anayekwenda Ulaya anaruhusiwa kushuka Aisilandi mpaka siku saba bila kuongezewa nauli ya ndege. Kwao kisiwa kiko njiani, na siku nne pale wakielekea kwingine ni matumizi mazuri ya tiketi.

Nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya havivuki forodha ya nchi zote mbili. Unga, viungo na majani ya chai havina neno.

Nilipomaliza kumweleza wifi yote haya, nikamwomba anihesabie watu. Wako watano, watoto watatu, na dereva ni kaka peke yake. Nikamuuliza kama kaka anataka likizo ya kuendesha. Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia akimuuliza pembeni, na kaka akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba Muscat anaendesha kila siku, anataka kulala kwenye treni. Mama naye alipopata habari, kutoka Tanga, akasema kama wanakwenda kule kwa mwanamke wa gauni jekundu basi na yeye yumo. Sasa ni sita. Tiketi zinaingia Oslo na kutoka Bergen, miadi ya viza wameshaipata, na usiku miwili ya Flåm nimewawekea mimi mwenyewe, kibanda chenye jiko, upande wa mtoni.